Sura ya Tisa: Kifuniko Chekundu

Mtuhumiwa alikuwa akiomba kalamu.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoketi. Katika kazi yake alishazoea watu wanaokana hata jina la mama yao, watu wanaoapa kwamba saa ya tukio walikuwa kwa shangazi wakimenya viazi. Huyu wa leo aliweka mikono yote miwili juu ya meza, vidole vina rangi ya samawati isiyotoka kwa sabuni, na alitaka kuandika kwamba amemsukuma mtu kwenye ngazi.

"Umesema hukumbuki," Inspekta alimwambia.

"Sikumbuki, Mama."

"Sasa unakiri nini?"

"Nakiri kwamba ni mimi. Nani mwingine?"

Alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha rangi, na wenzake walimwita Pamba kwa ulaini wake. Juzi, meneja wa mauzo wa kiwanda hicho, ambaye pia ni mkwe wa mwenye kiwanda, alikutwa chini ya ngazi za chuma ndani ya ghala, kichwa kimepasuka. Mpaka sasa alikuwa hospitali, anapumua lakini hajafumbua macho. Na asubuhi ya siku hiyohiyo, mbele ya wapakiaji wote, Pamba alikuwa amemwambia: "Ipo siku utazishuka ngazi hizi kwa kichwa." Kauli kama hiyo hakimu hahitaji kuelezwa maana yake.

"Mimi sisemi maneno ya namna ile," Pamba alisema. "Lakini juzi jua lilikuwa limechafuka. Kifuniko kilikuwa chekundu, kila mtu alikiona. Nikafunga ghala, nikaenda kantini, nikajilaza kwenye benchi, kichwa kizito. Nilipoamka, watu wanapiga kelele. Hapo katikati sijui nilifanya nini. Kama mdomo wangu uliweza kusema yale, mikono yangu ingeshindwa nini?"

Inspekta alikoroga chai yake. Haikuwa na sukari, haijawahi kuwa na sukari, lakini aliikoroga hivyohivyo kila alipofikiri, na ndiyo maana kituo kizima, kuanzia mkuu mpaka mfagizi, kilimwita Kijiko. Yeye mwenyewe alijua, akajifanya hajui.

Mkuu wa kituo alimngoja koridoni.

"Mtu anaomba kukiri, wewe unamnyima kalamu. Hayo umeyaona wapi?"

"Hajui alichofanya, Afande. Anajua tu alichosema."

"Yule meneja akifa leo usiku, hii ni kesi ya mauaji, na nitaulizwa kwa nini faili lilikuwa linakunywa chai. Una mpaka jioni. Baada ya hapo ninampa kalamu mwenyewe."

Kwenye benchi la wageni alikaa mke wa Pamba, amekumbatia mfuko wa nguo safi. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Mama, usimwache asaini. Mimi namjua mume wangu."

"Unamjuaje, mwanangu?"

"Akikasirika anaosha vyombo. Siku akigombana na mtu kazini, mimi sishiki sufuria."

Inspekta hakucheka, ingawa alitaka. Aliyewahi kuolewa anajua kwamba huo ni ushahidi, hata kama mahakama haiujui.

*

Kiwanda kilikuwa mwisho wa barabara ya viwanda, na harufu yake ilikuwa imekwishamsalimu mgeni kabla hajafika getini. Mapipa yalipangwa uani kwa rangi zake. Ghorofani, nje ya mlango wa mwenye kiwanda, palining'inia kifuniko cha ndoo ya rangi kwenye msumari. Inspekta alikigeuza kwa kidole. Upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu.

"Usikiguse, Afande," sekretari alisema haraka, kisha akaona haya. "Samahani. Ni mazoea. Humu ndani hicho hakiguswi na kila mtu."

"Kinaguswa na nani?"

"Na mimi. Kila asubuhi Mtabiri ananipigia simu. Akisema jua limetulia, naweka cheupe. Akisema lina dhoruba, nageuza chekundu." Alishusha sauti. "Yeye hapendi kuitwa Mtabiri. Kadi yake imeandikwa mshauri wa mwenendo wa jua na biashara. Lakini kadi ndefu hivyo nani ataisoma?"

"Na kikiwa chekundu?"

"Mzee hasaini kitu. Haajiriwi mtu, hafukuzwi mtu. Mashine kubwa za kukoroga haziwashwi. Ghala linafungwa, foklifti inaegeshwa, na funguo za ghala analetewa Mzee, mkononi. Anasema siku kama hizo watu hawana akili zao, asije mtu akaangukiwa na pipa. Wafanyakazi wanakaa kantini." Alitabasamu kidogo. "Sisi tunaziita sikukuu za jua. Ila si sikukuu za amani. Watu wanagombana hata kwa kijiko."

Inspekta alimtazama. Msichana hakuwa na habari.

"Juzi ulikigeuza saa ngapi?"

"Juzi sikuwepo. Dada yangu alijifungua, nilikwenda kumwona."

"Basi simu ya Mtabiri ilipokewa na nani?"

"Nisipokuwepo, simu ya mezani kwangu inaita ndani kwa Mzee."

Inspekta alikwenda dirishani, akampigia konstebo aliyebaki kituoni, akamwagiza swali moja la kumuuliza Pamba. Jibu lilirudi kabla sekretari hajamaliza kufunga bahasha.

"Anasema funguo za ghala alizipeleka, Afande, akamkabidhi Mzee mkononi, ndipo akaenda kantini. Anauliza kwani ni muhimu."

"Mwambie afunge mdomo wake na asishike kalamu."

Watu wengine hujitetea mpaka wanajifunga. Huyu alikuwa na utetezi mfukoni na hakujua ni utetezi, kwa kuwa alishajihukumu kwa jambo jingine.

*

Mtabiri alikuwa na chumba chake nyuma ya maabara ya kuchanganyia rangi. Alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, na ukutani kwake kulikuwa na mistari miwili mirefu, mmoja wa manjano na mmoja mweusi, inayopanda na kushuka pamoja kama watoto wanaocheza kuigana.

"Wa manjano ni jua," alieleza kabla hajaulizwa. "Mweusi ni ugomvi. Kila ugomvi ulioripotiwa humu kiwandani, kila bidhaa iliyoharibika, kila mteja aliyetukanwa. Tazama, dada. Dhoruba ikija, ugomvi nao unakuja."

"Jua linagombanisha watu?"

"Jua lina mzunguko wake. Kwa miaka kama kumi na moja madoa yake huongezeka, kisha hupungua. Yakiwa mengi, hulipuka, hurusha dhoruba, na dhoruba hizo huvuruga redio za masafa marefu, wakati mwingine hata umeme. Hilo halina ubishi. Kwamba huvuruga pia moyo wa mtu, usingizi wake, ujasiri wake wa kununua na kuuza, hapo ndipo wanaposhikana mashati. Wapo wanaosema ndiyo, wapo wanaosema ni upuuzi. Mimi niko katikati."

"Huko katikati kuna mshahara?"

Mtabiri alikohoa. "Upo."

"Nimesikia Meneja alipanga kuufuta."

"Alisema kiwanda kikiuzwa, mimi nitakuwa wa kwanza kutoka getini. Alinitamkia usoni. Najua unachofikiri. Lakini juzi sikuwa hapa. Nilikuwa chuo cha ufundi, nawaonyesha wanafunzi jinsi ya kulitazama jua kwa darubini bila kuunguza macho. Uliza, niliondoka huko alasiri."

"Nimeuliza. Ni kweli." Alikuwa ameuliza jana yake, na kwa muda mfupi alikuwa amesikitika, maana Mtabiri alifaa sana kuwa mhalifu. "Sasa niambie. Juzi asubuhi ulimpa Mzee neno gani?"

Mtabiri alianza kupanga penseli zake mezani.

"Siku ni nyingi, dada. Siwezi kukumbuka moja moja."

"Juzi, ndugu yangu. Sijauliza ya mwaka jana."

"Kifuniko kilikuwa chekundu. Basi."

Inspekta alitoka nje, akasimama kati ya ndoo za rangi ya krimu, akampigia sajenti wa chumba cha redio kituoni. Yule sajenti alikuwa na simulizi kwa kila swali.

"Juzi? Juzi nimeongea na kituo cha mpakani tangu asubuhi, sauti safi kama jirani anakuazima chumvi. Wiki iliyopita ndiyo ilikuwa balaa, Afande. Redio ilikuwa inakaanga. Nilimpigia kelele yule koplo wa mpakani mpaka koo likakauka."

"Juzi kutwa nzima safi?"

"Kutwa nzima. Nilipata hata nafasi ya kumuulizia mama yake."

Aliporudi ndani, Inspekta hakukaa. Aliweka kidole ukutani, mwisho wa mstari mweusi, pale ulipopanda juu kwa kishindo.

"Hii ni juzi. Meneja na Pamba wametukanana, wapakiaji wawili wameshikana, mama wa kantini kamwaga supu. Na huu wa manjano juzi uko wapi? Hujauchora."

"Nilikuwa bado..."

"Redio ya polisi ilikuwa safi kutwa nzima. Jua lilikuwa limetulia. Na wewe ulimwambia hivyo Mzee."

Mtabiri akaacha penseli.

"Nilimwambia limetulia. Halikuwa na doa la maana. Wanafunzi wenyewe walilalamika kwamba hakuna cha kuona."

"Kwa nini ulinificha?"

"Kwa sababu si wewe wa kwanza kuniuliza. Meneja alinipigia mchana, nikiwa hukohuko chuoni. Aliniuliza, 'Leo umemwambia nini Mzee?' Nikamjibu kweli. Akakata simu. Niliporudi nikakuta kifuniko chekundu, na Meneja kapelekwa hospitali. Nikaogopa. Mzee ndiye anayenilisha."

Inspekta alivuta kiti, sasa akakaa.

"Nikuulize jambo, maana wewe ni mtu wa hesabu. Ugomvi wa humu unafuata jua, au unafuata kifuniko?"

"Ni kitu kimoja. Kifuniko kinafuata jua."

"Siku zote?"

"Siku zote. Havijawahi kupish..." Neno lilimkatikia mdomoni. Alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya mistari yake. Jua shwari, kifuniko chekundu, na ugomvi umefika vilevile, tena umezidi. Inspekta alimwacha. Ilikuwa siku moja tu, na siku moja haitoshi kuangusha wala kusimamisha elimu ya mtu, lakini ilikuwa siku pekee aliyokuwa nayo.

"Miaka yote hii," Mtabiri alisema, bado kaupa mgongo mlango, "huenda nilikuwa napima kifuniko cha ndoo."

Alionekana kuumia kweli, na Inspekta alimhurumia.

*

Mwenye kiwanda alimpokea kwa adabu zote, akamwagizia chai. Inspekta aliikoroga. Ofisi ilijaa vibao vya rangi, vyote vimepangwa kutoka hafifu mpaka nzito.

"Mzee wangu, juzi kifuniko kiligeuzwa na nani?"

"Sekretari."

"Alikuwa kwa dada yake."

"Basi Mtabiri alipiga, mtu akageuza. Wafanyakazi ni wengi."

"Mtabiri alipiga, ukapokea wewe. Akakwambia jua limetulia."

Mzee aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Alikuwa na mikono mikubwa ya mtu aliyebeba mapipa kabla ya kuwaajiri wabebaji.

"Siku ile wanunuzi walikuwa wanakuja kusaini," alisema hatimaye. "Mkwe wangu ndiye aliyewatafuta, akawabembeleza, akawaleta. Nilikianza kiwanda hiki kwa mapipa mawili na brashi. Sikutaka kukiuza. Lakini ningemwambiaje hapana? Ni mume wa binti yangu. Nikimkatalia hapa mezani, binti yangu ndiye atakayelala na hiyo hapana nyumbani. Jua likikataa, hakuna anayenuniwa."

"Limekukatalia mara nyingi?"

"Kugeuza mwenyewe, ilikuwa mara ya kwanza. Ila nakwambia ukweli, siku zote lilipokataa nilishukuru. Mtu akiwa na mali, kila siku anatakiwa kuamua. Unachoka. Unatafuta mkubwa wa kumtupia."

Inspekta aliamini kila neno. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yake: wengi wa wanaosema uongo huuzungushia ukweli mtupu.

"Funguo za ghala ziko seti ngapi?"

"Moja."

"Pamba alikukabidhi mkononi."

"Alinikabidhi."

"Halafu ghala likafunguka. Meneja akaingia, akapanda ngazi, akaanguka. Pamba hakuwa na funguo, Mzee. Alikuwa nazo nani?"

Uani kulisikika foklifti ikirudi nyuma, ikipiga king'ora chake kidogo. Leo kifuniko kilikuwa cheupe na kazi ilikuwa inaendelea. Mzee alisubiri mpaka kelele ziishe.

"Alikuja hapa amewaka. Aliniambia anajua nilichofanya. Nikasema twende tukaongee pasipo na masikio, watu wote walikuwa kantini, nikafungua ghala. Tukapanda juu, kwenye sakafu ya makopo. Akatoa simu. Akasema anampigia binti yangu, amwambie baba yake ni mwongo anayejificha nyuma ya jua. Nikamdaka mkono wenye simu. Akauvuta. Akawa anavuta na mimi nashika." Alifungua vidole vyake, akavitazama. "Kisha nikaachia."

"Ukaachia."

"Akaenda nyuma. Sikumsukuma, mwanangu. Nakuapia sikumsukuma."

"Hilo litapimwa na wengine. Mimi nina swali lililobaki. Askari walipomtia Pamba pingu pale uani, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni."

"Ulisema nini?"

Macho ya Mzee yalijaa machozi, naye hakuyafuta.

"Nilisema, 'Jua la leo ni baya.'"

Inspekta aliacha kukoroga. Alikuwa amekasirika, na hakuona sababu ya kuficha kwamba amekasirika. "Simama, Mzee. Twende."

*

Alipofika kituoni alikuta mlango wa chumba cha mahojiano wazi. Mkuu wa kituo hakungoja jioni. Pamba alikuwa ameinama juu ya karatasi, anaandika kwa mwandiko ule wa watunza ghala, herufi moja moja, bila kufuta. Alikuwa amefika nusu ya ukurasa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa nguo miguuni.

Inspekta aliivuta karatasi kutoka chini ya kalamu, akaichana.

"Mzee amekiri. Yuko chumba cha pili na mkuu wa kituo. Wewe hukufanya kitu. Ulipeleka funguo, ukalala. Hayo tu."

Mke wa Pamba aliketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti, kisha akacheka, kisha akalia tena. Pamba alimtazama kana kwamba amesikia habari za mtu mwingine.

"Na jua?" aliuliza.

"Lilikuwa shwari. Mzee aligeuza kifuniko kwa mkono wake."

"Shwari kabisa?"

"Kabisa. Hakuna doa."

Inspekta alitarajia kuona mzigo ukimtoka. Badala yake aliona mtu akihesabu kimyakimya na hesabu isikubali. Pamba alisugua rangi kwenye kidole gumba.

"Basi yale niliyomwambia asubuhi..."

"Yalikuwa yako."

"Mbele za watu."

"Kumchukia mtu si kosa la jinai, ndugu yangu. Nenda nyumbani."

Pamba alitikisa kichwa polepole. Alionekana mzee kuliko asubuhi, lakini kwa mara ya kwanza tangu aletwe alimtazama Inspekta usoni.

"Mama, hospitali wanaruhusu kuona wagonjwa mpaka saa ngapi?"

"Twende nyumbani kwanza, baba watoto," mkewe alisema kutoka sakafuni. "Watoto wanakungoja. Yule hata kusikia hasikii."

"Najua hasikii," Pamba alisema, akamwinua kwa mikono miwili. "Nitamwomba radhi hivyohivyo."